Aliyejibu Nyuma ya Pazia

Marehemu babangu alipiga fidla kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote kulikuwa na kisa kimoja tu alichokataa kukisimulia mbele za wageni. Sisi wanawe alitusimulia mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Mara ya pili alikuwa kitandani, amekwisha kudhoofika, na hakubadilisha neno. Yaliyobaki niliyapata kwa mamangu, ambaye hakuwa mtu wa kutia chumvi. Aliyefikwa na mambo haya alikuwa Ami Chande, ndugu mdogo wa babangu.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita. Babangu, jina lake Abdurahman, na Ami Chande walikuwa katika kundi la watu wanane wa Likoni lililozunguka pwani ya kusini na mchezo wa kuigiza wenye nyimbo. Mkubwa wao alikuwa Mzee Sefu, fundi wa udi, mtu wa Tiwi, mwenye tumbo kubwa na kicheko kilichosikika nyumba ya tatu. Walikuwa na lori kuukuu, majamvi manne, udi, fidla, ngoma mbili za dumbaki, na pazia moja la kitambaa cha kijani. Jukwaa hawakuwa nalo. Palipofungwa pazia ndipo palipokuwa jukwaa.

Mchezo wenyewe ulihusu watu wawili wenye haya. Mmoja alikuwa fundi cherahani aitwaye Badi. Wa pili alikuwa Riziki, msichana aliyekuja kushonesha nguo akasimama nyuma ya pazia la duka asionekane. Badi haya zilimzidi hata akampimia nguo kwa kukadiria kivuli chake. Kila mmoja alimpenda mwenziwe, na kila mmoja akifungua kinywa aliishia kuuliza habari za mvua. Waliyoshindwa kuyasema, kila mmoja aliyaimba mwenziwe akishaondoka. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na mwishoni walilia, kwa kuwa babake Riziki, amechoka kungoja, alikuja dukani mwenyewe, akamshika Badi mkono na kumwoza papo hapo. "Nimekuoza binti yangu Riziki." "Nimekubali." Kisha Riziki aliimba wimbo wa mwisho, bado yuko nyuma ya pazia, watu wakaondoka wamefurahi.

Sauti ya Riziki ilikuwa ya Esha, binti wa marehemu ndugu yake Mzee Sefu. Watazamaji hawakumwona hata siku moja. Babake mdogo alikubali kumchukua kwa sharti kwamba atakuwa sauti tu. Badi alikuwa Ami Chande. Na hao wawili, babangu alisema, hawakuwa wakiigiza. Ami Chande mbele ya pazia aliimba mpaka wazee wakafuta macho, lakini nje ya mchezo, ukimpa chai na chumbani yumo mwanamke, alikitazama kikombe mpaka kikapoa. Esha alikuwa vivyo hivyo. Safarini alikaa mbele na babake mdogo, na Ami Chande akakaa nyuma, pazia limekunjwa mapajani mwake, amelishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Waliyotaka kuambiana waliambiana mchezoni, mbele za watu mia mbili, kwa maneno yaliyotungwa na mtu mwingine. Babangu alimhimiza nduguye aende akapose. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, kwamba tukirudi, kaka, tukirudi.

Mzee Sefu alikuwa na tahadhari moja. Mwalimu wa chuo cha Kurani huko Tiwi alimwonya kwamba ndoa haina mzaha, na anayeitamka kwa kucheza huenda ikamshika kweli. Kwa hiyo majina yote ya mchezo yalikuwa ya kubuni, na nafasi ya babake Riziki aliishika Mzee Sefu mwenyewe. Hakumpa mwingine.

Walicheza Tiwi, wakacheza Diani, Ukunda na Gazi. Wakiwa Gazi wakaletewa salamu kwamba karibu na Msambweni kuna mzee anaitwa Dzombo, ana ghala la mbata, zile nazi kavu, lililo tupu, na angependa kundi lipite kwake. Walifika Alhamisi kabla ya adhuhuri. Kulikuwa na jua zuri na upepo kidogo, na mahindi yalikuwa yameanikwa uwanjani. Mzee Dzombo aliwapokea kwa madafu, kisha wali na samaki wa nazi. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mpole wa maneno, kanzu yake imepigwa pasi. Babangu alipokuwa akinawa mikono alikumbuka kwamba uso ule amewahi kuuona. Ukunda mzee huyo alikaa jamvi la mbele. Gazi pia alikaa jamvi la mbele. Hakuwahi kucheka hata mara moja, lakini midomo yake ilikuwa ikitembea, kama ya mtu anayehifadhi.

Baada ya chakula tumbo lilimshika Mzee Sefu. Wote walikula sinia moja, na aliyeshikwa ni yeye peke yake. Alilazwa ukumbini kwa mwenyeji, jasho linamtoka, hawezi kukaa. Babangu alitaka kuahirisha, lakini watu walikuwa wamekwisha kuingia ghalani na watoto wao. Ndipo Mzee Dzombo akasema kwa upole kwamba yeye naye ana binti, na maneno ya baba anayajua. Mzee Sefu, kwa maumivu aliyokuwa nayo, aliitikia kwa kichwa tu. Babangu hakufikiri kuuliza huyo binti yuko wapi.

Mchezo ulianza baada ya sala ya alasiri. Jua liliingia mlangoni likalala juu ya sakafu mpaka kwenye miguu ya watu. Ghala lilinuka mbata. Mwanzoni watu walicheka kama walivyocheka kila mahali. Ami Chande alipoliuliza pazia habari za mvua, wanawake waliokaa upande wa kushoto walipigana vikumbo. Kisha kicheko kikaanza kupungua kutoka nyuma kuja mbele, kama maji yanavyokupwa. Mwanamke mmoja alimbeba mtoto wake akatoka. Mwingine alijifunika uso kwa leso. Babangu alidhani wamechoka.

Zamu ya baba ilipofika, Mzee Dzombo aliinuka kutoka jamvi la mbele. Alikuwa amevaa joho. Hakuna aliyemwona akilivaa.

Alimshika Ami Chande mkono wa kulia, akausoma mwanzo wote wa hotuba ya ndoa, ambao mchezoni haukuwamo. Kisha akasema polepole, kila neno mahali pake:

"Nimekuoza binti yangu Mwanatumu binti Dzombo, kwa mahari ya msahafu mmoja na doti moja ya leso."

Upinde wa fidla ulimkwama babangu mkononi. Alimtazama nduguye akatikisa kichwa. Lakini Ami Chande hakuwa akimtazama mtu. Nje ya maneno aliyoyakariri hakuwa na neno. Macho ya watu yalikuwa juu yake, na mzee wa watu alikuwa amemshika mkono, akingoja. Alikuwa na jibu moja tu. Alilitoa.

"Nimekubali."

Wanaume wawili waliosimama mlangoni walisema kwa pamoja, "Tumeshuhudia." Mchezo huo haukuwa na mashahidi.

Hakuna aliyepiga makofi. Nyuma ya pazia wimbo wa mwisho ukaanza, na babangu, kwa mazoea, akaufuata kwa fidla. Mahadhi yalikuwa yale yale. Maneno yalikuwa yale yale. Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayejiimbia akifagia, asiyezoea kusikiwa. Babangu alidhani Esha amechoka. Kisha mtu akamgusa kiwiko. Aligeuka. Alikuwa Esha. Amesimama kando yake, amejishika koo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, mdomo umefumbwa.

Nyuma ya pazia wimbo uliendelea.

Ulikwenda beti zote tatu. Ulipokwisha babangu aliweka fidla chini, akaenda, akalifungua pazia. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta wa mawe na gunia moja tupu. Ila pindo la pazia, upande wa ndani, lilikuwa limesokotwa, limesokotwa sana, kama msichana mwenye haya anavyosokota ncha ya leso akiulizwa jambo. Lilikuwa bado likijifungua, polepole.

Watu walitoka haraka. Babangu aliuliza waliko wale wanaume wawili wa mlangoni, na aliowauliza wakamwuliza wanaume gani. Naye Mzee Sefu akatoka ukumbini kwa miguu yake, mzima, anauliza kama watu wamefurahi.

Walipokuwa wakipakia lori alikuja jirani, bibi mmoja aitwaye Mbodze, akajifanya amekuja kuulizia mbata. Ndiye aliyeeleza. Mwanatumu alikuwa amekufa, ulikuwa mwaka wa nne huo. Tangu utotoni alikuwa na haya hata baadhi ya jamaa zake hawakuijua sauti yake. Kijana mmoja wa Vanga alileta posa. Mzee Dzombo alimwuliza bintiye, naye akainamisha kichwa, akanyamaza. Kila mwenye dini anajua kwamba mwari akinyamaza amekubali. Lakini mzee hakumpenda yule kijana. Alisema kanyamaza kwa sababu hataki, akairudisha posa. Mwanatumu hakuteta wala hakulia. Aliacha kula kidogo kidogo, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kuwasumbua watu. Miezi mitatu ilitosha.

Babangu aliuliza imekuwaje tangu hapo.

"Tangu hapo," Bi Mbodze alinong'ona, "mzee haingii nyumbani kwake bila kubisha hodi."

Walirudi Likoni siku ile ile. Esha hakuwa na sauti, hata ya kunong'ona. Homa hakuwa nayo, wala koo halikuvimba. Daktari alimtazama akasema haoni kitu. Mzee Sefu alisimamisha safari, kundi likatawanyika likingoja.

Ami Chande alikaa kwetu, chumba cha uani. Mamangu alikuwa ameolewa miezi minane, na kuanzia hapa kisa ni chake. La kwanza alilolitambua ni ndoo. Kila asubuhi Ami Chande alipoamka, ndoo ya maji ya kuoga ilikuwa imekwisha wekwa mlangoni pa bafu, imefunikwa kwa kipande cha ungo. Mamangu alidhani ni kazi ya babangu, na babangu alidhani ni ya mamangu. Kisha kofia ya Ami Chande ikafuliwa, ikatiwa wanga. Kisha kanzu yake iliyochanika mkono ikashonwa, na uzi ulikuwa mwembamba, vishono vidogo vidogo, karibu havionekani.

Adhuhuri moja mamangu alitoka kisimani akapita mbele ya chumba cha uani. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ami Chande alikuwa akila, amekaa ukingoni mwa jamvi, ameacha nafasi kubwa upande wa ukuta. Sinia lilikuwa mbele yake. Upande wake wali ulikuwa umemegwa kama anavyomega mwanamume mwenye njaa. Upande wa pili nao ulikuwa umemegwa, vidogo vidogo, kama anavyokula mke mgeni mbele ya mumewe.

Mamangu alimwuliza anakula na nani. Hakugeuka.

"Usiingie kwa ghafla, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Anashtuka."

Jioni hiyo Ami Chande alimweleza nduguye yote. Hajamwona. Kila anapogeuka, yeye amekwisha kuhamia nyuma ya mlango. Anasikia bangili, lakini hata hizo ni kama zimeshikwa kwa mkono mwingine zisilie. Babangu alimwuliza kama amemdhuru kwa lolote.

"Hanidhuru, kaka. Ananitumikia. Hilo ndilo linaloniogopesha. Anangoja nimwambie neno."

Mzee Sefu aliposikia alimleta Esha kwetu kutoka Tiwi, akifikiri wakionana huenda mambo yakatulia. Walikuwa wote uani, mchana mweupe, Ami Chande amesimama chini ya kamba ya nguo. Esha aliinua mguu avuke kizingiti. Pumzi ikamkatika. Hakuanguka. Alisimama pale pale, mdomo wazi, kifua hakipandi wala hakishuki, na uso ukaanza kubadilika rangi. Mzee Sefu alimvuta kichochoroni na pumzi ikamrudia. Wakati huo huo mamangu alisikia komeo la chumba cha uani likishushwa kutoka ndani. Lilishushwa taratibu, na mtu asiyetaka kufanya kelele.

Ami Chande alikuwa nje pamoja nao.

Walimwita sheikh wa mtaa. Alikuwa mtu wa elimu, asiyependa habari za mapepo. Alisema wazi kwamba hakuna ndoa ya maiti, kwamba aliyoyasema yule mzee ni upuuzi wa msiba, na kijana asomewe kisha apate kazi. Akasoma Yasini baada ya adhuhuri, wanaume mkekani, na mamangu peke yake upande wa wanawake, nyuma ya shuka iliyotundikwa. Sheikh alipomaliza aliomba dua, wote wakaitikia, "Amina." Kisha, wakati wote wamekwisha nyamaza, mmoja akaitikia wake, kwa kuchelewa, kwa sauti ya chini.

Ilitoka upande wa wanawake. Mamangu alikuwa ameuma kidole, na haikuwa sauti yake.

Sheikh alifunga msahafu akaulizia viatu vyake. Mlangoni alimshika babangu bega. Alimwambia kwamba ndoa haipo, hilo halina shaka. "Lakini neno lipo," akasema. "Aliyelitoa alirudishe."

Wakarudi kwa Mzee Dzombo watu watatu, babangu, Ami Chande na Mzee Sefu. Walimkuta barazani akisuka kamba ya makumbi. Hakushangaa kuwaona. Mzee Sefu alianza kwa hasira, akazungumzia chakula alicholishwa, na mwenyeji hakukana. Ami Chande ndiye aliyemkatiza. Alipiga magoti, akamwamkia shikamoo, akamwomba amwachie, amwambie bintiye kwamba yale yalikuwa mchezo.

Mzee Dzombo aliiweka kamba chini.

"Niliwahi kumsemea mara moja," alisema. "Nikakosea. Sitamsemea tena. Kamwambie mwenyewe."

Aliwaongoza ndani. Mwisho wa ukumbi palikuwa na mlango wa chumba, umetundikwa leso mbili zilizoshonwa pamoja kuwa pazia. Mzee alibisha hodi hewani, akangoja kidogo, kisha akasema kwa sauti ya baba yeyote, "Mwanangu, mumeo amekuja."

Ami Chande alisimama mbele ya pazia. Safari hii hapakuwa na fidla. Hapakuwa na maneno ya kukariri. Babangu aliona shingo ya nduguye inavyolowa. Alisimama mpaka kipande cha jua kilichokuwa sakafuni kikahama kutoka jiwe moja hadi jingine. Babangu alikwisha kata tamaa, akajua kwamba hatasema, kwamba watarudi naye vile vile na ataishi na ndoo yake ya maji mpaka afe. Ndipo akasema.

"Mwanatumu. Siku ile niliitikia kwa mazoea. Si wewe uliyekuwa moyoni mwangu. Yuko mtu, anaitwa Esha, na yeye mwenyewe sijamwambia. Wewe ndiwe wa kwanza kulisikia." Aliivua kofia yake. "Umenifanyia wema mwingi. Sina cha kukurudishia ila ukweli. Nimekuacha. Niwie radhi."

Wakangoja. Babangu alitarajia kilio, au upepo, au chochote. Pazia halikutikisika. Nje kuku alikuwa akichakura. Ndani hapakusikika hata pumzi.

Ami Chande aligeuka kwa mzee. "Amesemaje?"

"Amenyamaza."

"Maana yake amekubali, au amekataa?"

Mzee Dzombo alikuwa akilia bila sauti, machozi yanaingia ndevuni.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Hata wakati ule sikujua."

Waliondoka hivyo. Njiani, lori halijafika Ukunda, Ami Chande alimgeukia Mzee Sefu mbele ya dereva na utingo, akasema anataka kumposa Esha. Mzee Sefu alicheka kicheko chake kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Na walipofika Tiwi walimkuta Esha mlangoni. Alikuwa ameongea. Adhuhuri, wakati wao wamesimama mbele ya lile pazia, aliomba maji ya kunywa, akashtuka mwenyewe kujisikia.

Ndoo haikuonekana tena. Kofia ya Ami Chande ilikaa na uchafu wake. Mamangu alikiri kwamba asubuhi za kwanza aliiangalia ile nafasi mlangoni pa bafu akahisi kitu kinachofanana na huruma. Habari zikaja kwamba Mzee Dzombo amefariki, amezikwa kando ya bintiye. Basi wakasema yamekwisha.

Harusi ilifanywa Tiwi, nyumbani kwa Mzee Sefu, asubuhi. Wanaume walikaa nje chini ya turubai. Esha alikuwa chumbani, amefunikwa ushungi mwekundu, mamangu amemshika mkono, wanawake wamejaa hadi ukumbini. Sheikh alikuja mlangoni na mashahidi wawili kuchukua idhini yake, kama ilivyo ada.

"Esha, umeridhia baba yako mdogo Sefu akuoze kwa Chande?"

Wanawake walitabasamu. Kila mtu alijua atanyamaza. Kila mwari hunyamaza, na kwa haya za Esha nani angetarajia vingine. Wenye vigelegele walikwisha vuta pumzi.

"Nimekubali."

Ilikuwa sauti ya chini. Ilitoka upande wa kitanda, nyuma ya chandarua. Sheikh mlangoni alisema alhamdulillahi, akaanza kugeuka.

Mamangu alikuwa akimtazama Esha usoni kupitia ushungi. Midomo yake haikusogea. Mkono wake ulikuwa umekuwa baridi. Mamangu alitaka kupiga ukelele na hakuweza. Alimsikia sheikh akiwaambia mashahidi kwamba wamesikia, wamesikia kwa masikio yao, nyayo zikaanza kuondoka. Hatua moja. Mbili. Alijua kwamba wakifika chini ya turubai na jibu lile, basi, ataozwa aliyejibu.

Esha akasimama. Yule ambaye hakuwahi kupaza sauti bila dumbaki na bila pazia aliuvua ushungi, akatoka, akasimama uso wazi mbele za wanaume watatu.

"Aliyejibu si mimi," alisema. Sauti ilikuwa ikitetemeka lakini ilisikika mpaka nje. "Mimi ndiye Esha. Niulizeni tena."

Sheikh aliutazama uso wake kwa muda, akaona hana mzaha, akamwuliza tena. Akajibu. Akamwuliza mara ya pili na ya tatu, naye akajibu, kila mara kwa nguvu zaidi ya mara ya kwanza. Chini ya turubai Ami Chande alikaa na mikono usoni, mabega yakimtikisika, na waliokaa karibu naye hawakujua kama anacheka au analia. Mamangu alibaki chumbani. Aliapa kwamba chandarua kiliingia ndani kidogo, kama kinavyoingia mtu akikaa kitandani, na baada ya hapo hakikurudi.

Waliishi pamoja miaka thelathini na minne. Walizaa watoto watano, nami nililelewa nusu ya utoto wangu nyumbani kwao, na sikuwahi kuona wala kusikia kitu. Hawakuimba tena mbele za watu. Ami Chande alifariki mwaka wa tisini, na Mama Esha akamfuata mwaka wa tisini na nane. Mimi na binti zake ndio tuliofungua sanduku lake.

Chini kabisa kulikuwa na bahasha yenye cheti cha ndoa. Sheikh alikiandika kwa kalamu ya wino. Sahihi ya Ami Chande ipo, na ya Mzee Sefu, na za mashahidi wawili. Mama Esha alitia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko mzuri wa chuoni. Chini yake, mahali ambapo hapana mstari wala neno, pamepigwa alama ya kidole gumba. Ni kidogo, chembamba, cha mwanamke.

Mamangu alikuwa hai bado. Nilimpelekea. Aliniambia kwamba siku ile wote walijua kuandika, na hakuna aliyepaka kidole wino. Alikitazama muda mrefu, akanirudishia, akaniambia nikikunje vizuri.

Sikukikunja mara moja. Ilikuwa kiasi cha saa nne asubuhi, nimekaa dirishani kwangu peke yangu, na nilitaka tu kulinganisha. Niliweka kidole changu juu ya kile. Changu kilikuwa kikubwa zaidi. Miaka arobaini na miwili ilikuwa imepita tangu harusi ile.

Nilipokiinua, kidole changu kilikuwa cheusi. Wino ulikuwa mbichi.